Katogo Isiyomenywa

Ninyi mliokuwa wadogo pamoja nasi Jinja mwaka ule wa vita, mliokula asubuhi kilekile mlichokila jana mchana, na jioni mkakikuta tena kinawasubiri, hebu nisikilizeni. Nimekasirika, na hapa nyumbani wameshachoka kunisikia.

Aliyenichokoza ni binti yangu wa mwisho, Shamila. Majuzi aliingia jikoni kwangu hapa Malukhu, akaiegemeza simu yake kwenye kopo la majani ya chai, akaanza kujipiga picha anapika. Akachukua viazi vitamu, akavikatakata bila kuvimenya. Akakata boga na ganda lake. Akatia maharage, majani ya maboga, nyanya chungu, vyote kwenye kikaango kimoja, huku akiiambia simu kwamba hiki ni chakula cha afya, kinaliwa asubuhi, mchana au jioni, na kwamba maganda ndiyo yenye faida yote. Akayaita mapishi mapya. Kufika alasiri watu wasiomjua walikuwa wameshamsifu hadi akasahau kuosha kikaango.

Mapishi mapya, jamani. Kile ni katogo. Mama yangu alikipika miezi saba mfululizo, na hakukipika na maganda yake kwa ajili ya afya ya mtu.

Tulipokuwa wadogo, kabla mambo hayajaharibika, katogo ilikuwa chakula cha asubuhi tu: vitu vya jana na vya leo sufuria moja, unakula harakaharaka unakimbilia shule. Tulikuwa tunatoka na midomo inang'aa mafuta, tunashika njia ya vumbi, na tukifika tunacheza kwepena, mchezo wa kukwepa mpira, mpaka kengele ilie. Mpira wetu ulikuwa wa soksi iliyojazwa matambara, na ukikupata mgongoni ulikuwa unauma kweli. Shamila hawezi kurusha hata ndala. Jioni upepo wa ziwani ulikuwa unaleta harufu ya samaki na ya magugu maji, na sisi tunarudi tukiwa wachafu, tunachapwa, tunaogeshwa, tunakula, tunalala. Maisha yalikuwa hayo.

Nyumbani tuliongea Kiswahili kwa sababu Baba alikuwa Msoga Mwislamu wa hapo Jinja na Mama alikuwa Mgisu wa Mbale, na kila mmoja alikataa kujifunza lugha ya mwenzake. Baba alifariki kwa ugonjwa nikiwa mdogo. Aliyebaki kutuangalia upande wake alikuwa dada yake, shangazi yetu wa Wanyange, ambaye sote, hata Mama, tulimwita Senga. Senga alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kuita mitumbwi. Alikuwa hafiki mikono mitupu. Alikuja na samaki wa ngege aliyekaushwa kwa moshi, amefungwa kwenye majani, na kabla hajaketi alikuwa ameshaninyanyua na kunishusha ili aone kama nimeongezeka uzito. Nisipoongezeka alimgeukia Mama na kumuuliza: "Wewe mtoto unamupa nini?"

Nilimpenda Senga kuliko mtu yeyote. Naliandika hilo mapema lisije likasahaulika mbele.

Kisha vita ikaja. Sitawaeleza nani alipigana na nani, mnajua, na wasiojua wasome kwingine. Shule ilifungwa. Majirani walikimbilia vijijini, wengine wakaacha hata kuku. Sisi hatukuweza kwenda kokote kwa sababu ya kaka yangu Hamza. Alikuwa na miaka kumi na tisa, mrefu, na njia nzima ya kwenda Mbale ilikuwa na vizuizi ambako vijana wa umri wake walishushwa kwenye magari, hawakupandishwa tena. Kwa hiyo Mama alimpa jirani wa mwisho kuondoka kufuli, akamwambia atufungie mlango wa mbele kwa nje, ili mtu akipita aone nyumba iliyohamwa. Sisi tulikaa ndani, tukitumia mlango mdogo wa nyuma alfajiri tu. Kazi yetu sote watatu ilikuwa moja: Hamza asionekane.

Mama alikuwa na amri zake. Ya kwanza, hakuna kukaanga kitunguu, kwa sababu harufu ya kitunguu inasafiri hadi barabarani. Ya pili ilikuwa kubwa zaidi: hakuna kumenya. Alikuwa amesikia kwamba wenye bunduki waliokuwa wakizunguka, wa upande huu na wa upande ule, walikuwa wakitafuta maganda mabichi nje ya nyumba. "Wakiona maganda, watajua tuko," alisema. "Na wakijua tuko, watataka kujua tuko wangapi." Kwa hiyo muhogo ukapigwa marufuku, maana ganda la muhogo haliliwi. Matoke yakapigwa marufuku pia. Hebu fikirieni, nyumba ya Msoga na Mgisu bila matoke.

Kilichobaki kilikuwa katogo ya Mama. Shamila anaweza kuja na simu yake arekodi hapa. Maharage yalilowekwa tangu jana yake, yakawekwa chini kabisa ya sufuria. Juu yake viazi vitamu, vilivyosuguliwa kwa gunzi la mahindi mpaka vikawa laini, hakuna udongo hata kwenye vijishimo. Halafu boga na ganda lake na mbegu zake. Nyanya chungu zikaingia nzima na vikonyo vyake. Juu kabisa majani ya maboga na dodo, ule mchicha wetu, pamoja na mashina yake yaliyotwangwa. Chumvi ilikuwa imeadimika, hivyo Mama alichuja majivu ya makapi ya maharage, akamimina yale maji yake. Kama kulikuwa na karanga za kusaga alitia kijiko kimoja. Kisha akafunika kwa sufuria nyingine, akaiacha juu ya sigiri yenye makaa machache, saa tatu nzima. Hakukoroga. Alitikisa sufuria tu, kwa sababu mwiko ukigonga chuma unasikika.

Sasa nitasema ukweli: ilikuwa tamu. Viazi vilikuwa vimefyonza maharage, boga lilikuwa limeyeyuka likawa mchuzi, na chini kulikuwa na ukoko ambao mimi na Hamza tuliupigania kwa vijiko bila kutoa sauti. Asubuhi Mama aliigawa akaiita chai. Mchana akaiita pilau. Jioni, tukiwa tumenuna, alituuliza kwa heshima kama wageni wa hotelini tungependa kula nini, na Hamza alijibu kwamba angependa kuku. Mama alimpakulia boga, akamwambia hilo ni paja. Tulicheka tukiwa tumeziba midomo kwa mikono. Nimekula karamu nyingi tangu hapo na sijacheka hivyo.

Mwezi wa saba wa kujificha Senga akaja. Alikuwa ametembea kutoka Wanyange kwa njia za mashambani, na kikapu kichwani kimefunikwa kanga. Tulimfungulia mlango wa nyuma. Alimkumbatia Hamza, akalia, akaninyanyua, akalia tena. Kisha akaona sahani zetu. Akachukua kipande cha kiazi, akakigeuza, akaliona ganda.

"Mtoto ya kaka yangu anakula maganda?" alisema. "Hapa iko mbuzi?"

Mama alimweleza kwa upole sababu yote. Senga alisikiliza, halafu akafunua kikapu. Kulikuwa na chane mbili za matoke. Ninyi mnaojua mila zetu mnajua lilikuwa ni jambo gani. Kwetu mgeni hapewi chakula kisichomenywa, na shangazi akija kwa watoto wa kaka yake, chakula cha heshima ni matoke yaliyomenywa, yakafungwa kwenye majani ya mgomba, yakaiva kwa mvuke. Senga alikuwa ameyabeba kichwani kilomita zote zile, katikati ya vita, ili watoto wa marehemu kaka yake wale kama watu.

"Senga, weka kisu chini," Mama alisema. "Sisi hapa hatumenyi."

"Maganda nitayafukia mimi mwenyewe," Senga alijibu, akaanza kumenya.

Mama angeweza kumpokonya kile kisu. Hakumpokonya, kwa sababu kumpokonya wifi yako kisu mbele ya watoto nako ni aibu, na kwa sababu, naamini, hata yeye alikuwa na hamu ya matoke. Senga alimenya yote, akapika, na kabla giza halijaingia alichimba karibu na choo, akayafukia maganda, akashindilia udongo kwa mguu. Nilimwona kwa macho yangu. Tulikula. Nilikula mpaka nikasahau kuna vita.

Asubuhi iliyofuata, jua limeshapanda, walikuja. Tulisikia kufuli la mbele likipigwa kwa kitu kizito. Mama alinisukuma jikoni akaufunga mlango kwa nje, hivyo nilisikia tu. Nilisikia viatu. Nilisikia Mama akisema, "Afande, huyu ni mgonjwa, afande, tafadhali." Nikasikia Senga akijitupa chini na kulia kwa Kisoga. Kisha mmoja akafungua mlango wa jikoni, akaniona, akaona sufuria, akawaita wenzake, "Chakula iko hapa." Walikula matoke yaliyobaki wakiwa wamesimama, kwa mikono, harakaharaka, nami nimebanwa ukutani. Walipoondoka waliondoka na Hamza.

Mama alitoka nje kwa mlango wa nyuma bila hata kujitanda. Nikamfuata. Kuku walioachwa na majirani walikuwa wamefukua pale karibu na choo, na maganda ya matoke yalikuwa yametapakaa uwanja mzima wa nyuma, meusi, yameshaanza kukauka. Senga alikuwa amesimama mlangoni, ameshika kichwa.

Mimi ndiye niliyesema. Nilikuwa na miaka kumi, na nilimwambia mtu niliyempenda kuliko wote, "Ni maganda yako, Senga. Wewe umempeleka Hamza."

Kwa neno dogo kuliko hilo Mama alikuwa akinichapa. Siku ile hakunigusa. Akainama, akaanza kuokota maganda moja moja. Senga naye akainama kumsaidia, na Mama akamwambia aache.

Njia ilipotulia tulihamia Mbale, kwa ndugu za Mama, hapa Malukhu ninapoandikia. Na ninyi mnaopenda kusema kwamba baada ya vita tulisahau yote tukajenga nchi, mnaniudhi vilevile. Tulijenga kwa kuuza katogo. Mama alikuwa na meza yake kando ya barabara ya kwenda sokoni, na wapagazi, mafundi baiskeli na walimu walikula kwake, kuanzia alfajiri hadi adhuhuri. Mafuta yaliporudi madukani, alichukua katogo iliyolala, akaikaanga kwenye kikaango kipana na kitunguu kingi, mpaka ikashika rangi ya kahawia pembeni. Siku ya kwanza kitunguu kilipolia ndani ya mafuta, nilikimbia kufunga dirisha. Mama alilifungua tena, akasimama hapo akiupungia moshi utoke nje. Alikuwa analia na mimi nilidhani ni kitunguu.

Hamza alirudi. Baada ya miaka miwili kifungoni alishuka kwenye lori, mguu mmoja haukunjiki vizuri, amekonda, hataki kuulizwa kitu. Mama alituweka chini sote akatupa amri mpya: mambo ya siku ile yasitajwe mbele ya Hamza, kamwe, na mtu yeyote. Tukatii. Tulikuwa tumeshazoea amri zake.

Na Senga? Senga alikuja kila mwaka baada ya Ramadhani. Alipanda basi kutoka Jinja na mkungu wa matoke na ngege wake wa moshi. Mama alimkaribisha, alimtandikia mkeka, alimuuliza habari za Wanyange, yote kwa adabu. Kisha alimpakulia katogo. Viazi na maganda yake, boga na ganda lake. Sisi wengine tulipewa wali, naye mgeni, wifi yake, mtu mzima mwenye mvi, alipewa chakula kisichomenywa, kwenye sahani nzuri kabisa ya nyumba hiyo. Senga aliipokea kwa mikono miwili, akaila yote, akapangusa sahani kwa kidole, akashukuru. Mwaka uliofuata alirudi na mkungu mwingine.

Niliyaona hayo nikiwa msichana wa shule, nikayaona nikiwa nimeolewa, na Mama alipozeeka mikono ikatetemeka, mimi ndiye niliyempakulia Senga sahani ile. Hakuna aliyeniamuru. Aliacha kuninyanyua tangu siku ya maganda. Aliniangalia tu, akaniuliza kama watoto wangu wanakula vizuri.

Senga alifariki kwanza, Mama akamfuata. Ni miaka mingi sasa.

Nirudi kwa Shamila na simu yake. Siku hiyo Hamza alikuwa amekuja kututembelea, kazee kenye fimbo, meno machache, anacheka na watoto kuliko alivyowahi kucheka na sisi. Shamila alipomaliza kujisifia maganda, hasira zikanipanda, na kwa mara ya kwanza nikavunja amri ya Mama. Nilimwambia binti yangu, mbele ya mjomba wake, kwamba maganda anayoyachezea ndiyo yaliyompeleka mjomba kifungoni. Nilisimulia yote: kisu, kuku, uwanja wa nyuma. Shamila alizima simu.

Hamza alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Maganda gani?"

Nikamwambia, yale ya Senga.

"Aisha," alisema, "wale watu walikuja na karatasi. Walinisomea jina yangu, na jina ya Baba, huko barabarani. Walikuwa wametumwa. Mtu alikuwa ametuuza wiki nzima nyuma, na jina yake walinitajia hukohuko ndani, na huyo mtu ameshakufa. Maganda hawakuona. Wangeona wapi?"

Walikuja mlango wa mbele. Maganda yalikuwa nyuma. Mtoto wa miaka kumi hakulifikiria hilo, sawa. Lakini mimi niliyekuwa na miaka thelathini na sahani mkononi, je?

Nilimuuliza mbona hakusema. Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Mlisema hatuongei," alijibu. "Na mimi nilijua mnajua." Halafu akauliza lile lililoninyima usingizi tangu siku hiyo. "Kwani ndiyo sababu Senga mlikuwa mnamupa maganda? Mimi nilidhani anapenda."

Nimetafuta wa kumkasirikia na nimewapata wengi. Nimemkasirikia aliyetuuza, ambaye sitamtaja kwa sababu watoto wake wanaishi na hawana kosa. Nimewakasirikia wenye bunduki, ambao sikuwahi kuwakasirikia ipasavyo, maana wao walikuwa na bunduki na Senga alikuwa na kisu cha kumenyea tu, na mwenye kisu cha kumenyea ndiye rahisi kulaumiwa. Nimemkasirikia Mama, Mungu amrehemu. Mimi mwenyewe nimejikasirikia hadi nimeshindwa kula. Nilikwenda Wanyange Ijumaa iliyopita, nikasimama kwenye kaburi la Senga, nikasema yaliyo moyoni.

Watoto wa siku hizi hawana siri, tunawalaumu kila siku. Wakikasirika wanasema, wakiumia wanasema, wakipika kiazi wanaitangazia dunia. Shamila jana alinijia juu, akaniambia usoni kwamba tulimtesa bibi wa watu. Enzi zetu ningechapwa mpaka nikome kwa kumjibu mama yangu hivyo. Tunajisifu sana, sisi wa zamani, kwamba tulilelewa tukajua kufunga mdomo. Ni kweli tulijua. Tulifunga midomo, miaka ile yote, kwa adabu kabisa, tukampakulia Senga, mpaka akazikwa na kosa ambalo hakulifanya.